Kufundisha Watoto wa Mwaloni: Matarajio ya Nyumbani na Kazi ya Shule

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kirumba, jijini Mwanza, hana budi kukumbuka kwamba kila mtoto aliyeketi mbele yake ametumwa shuleni na nyumba inayotarajia jambo fulani. Matarajio hayo hayaandikwi katika muhtasari wa masomo, wala hayafanani nyumba kwa nyumba, tena hubadilika. Katika makala haya tutaeleza jinsi yalivyobadilika, kisha tutaonyesha namna ya kuyageuza yawe somo.

Matarajio yalivyobadilika

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha ya jamii yake, isiwe mlango tu wa kuingilia sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, lengo likiwa mwaka 1977. Hata hivyo wazazi wengi waliendelea kuitazama shule kuwa njia ya kwenda ofisini, kwani walikuwa wamewaona waliosoma kabla yao wakipata kazi za mshahara.

Leo mambo ni mengine. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Cheti cha darasa la saba ambacho babu alikitunza sandukuni, kwa mjukuu ni hatua ya njiani tu. Wakati huohuo mzazi huona vijana waliosoma hadi chuo kikuu wakitafuta kazi bila kupata, naye hujiuliza shule inampeleka wapi mwanawe.

Kazi za ziwani nazo zimegeuka. Sangara waliongezeka sana katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vya miaka ya 1990 vikaleta ajira ambazo wazee hawakuzijua. Karabai za wavuvi wa dagaa zimepisha taa za betri na za umeme wa jua. Katika soko la Mwaloni, mama anayeuza dagaa hupatana bei kwa simu na wateja walio mbali, hata Kongo, na fedha zake hupita humohumo katika simu. Mama huyo aghalabu ndiye anayelisha nyumba. Binti yake basi hutarajiwa mambo mawili kwa pamoja: asome kuliko mama alivyosoma, na alee wadogo zake mama akiwa sokoni. Hapo ndipo penye mzigo.

Maandalio ya somo: darasa la tano, vipindi viwili

Kusudi: mwanafunzi aweze kulinganisha kazi na matarajio ya vizazi vitatu, na kutoa sababu za mabadiliko.

Hatua ya kwanza. Siku mbili kabla ya somo, wape wanafunzi maswali matatu ya kumwuliza mzee au mlezi wao: Ulipokuwa na umri wangu ulitarajiwa kufanya kazi gani? Katika nyumba yenu nani alipelekwa shule, na nani alibaki? Unatarajia nini kwangu? Wakumbushe kuamkia kwanza na kungoja mkubwa apumzike. Asiyeishi na wazazi amwulize yeyote anayemlea.

Hatua ya pili. Chora ubaoni safu tatu: babu na bibi, baba na mama, sisi. Jaza majibu ambayo wanafunzi wenyewe wameridhia kuyasema. Siri ya nyumba isitangazwe darasani.

Hatua ya tatu. Kila badiliko litafutiwe sababu. Mwalimu asikubali jibu kwamba watu wa zamani hawakuwa na akili. Aulize walikuwa na shule ngapi, na kazi zipi.

Hatua ya nne. Kwa bei walizozipata sokoni, wanafunzi wakokotoe faida ya gunia moja la dagaa baada ya kutoa nauli, ushuru na dagaa walioharibiwa na mvua. Wataona kuwa hesabu ya shule na hesabu ya Mwaloni ni moja.

Hatua ya tano. Kila mmoja aandike barua fupi kwa mlezi wake, akieleza analotarajia yeye mwenyewe.

Daftari la mahudhurio na mwezi

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Mwalimu alinganishe daftari lake la mahudhurio na kalenda ya mwezi. Akiona mtoto hutoweka siku za giza na kurudi siku za mbalamwezi, atajua kwamba huo si uvivu, na atawaita wazazi katika juma ambalo wana nafasi ya kumsikiliza.

Lakini kuelewa si kuruhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, nayo iwe nyepesi. Wazazi watatuambia samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, nasi tuwaulize kwa heshima tunamkunja kuelekea wapi. Binti anayekosa siku mbili mwezi huu na nne mwezi ujao huacha shule kidogo kidogo, bila siku moja ambayo mtu angeweza kusema: leo ameacha. Mwalimu anayesoma daftari lake vema ndiye anayeweza kumwahi.

Maswali ya kujadili

1. Mzazi asema, "Mwanangu ajifunze biashara, vyeti havilishi." Utamjibu nini bila kumdharau?
2. Tayarisha somo kama hili kwa shule iliyo katika eneo la wakulima wa pamba. Kalenda ipi itachukua nafasi ya mwezi?
3. Ni matarajio gani ya nyumbani ambayo shule yenyewe yafaa ijifunze kutoka kwayo?