Jongoo, Mvinje na Mwamba Mtupu

Sisi wakaaji wa Donholm tunaishi katika nyumba za mawe, na mawe hayakushuka kutoka mbinguni. Yalichimbwa. Ukipanda matatu ya kwenda Kayole hadi Njiru utayaona machimbo, au kama tusemavyo mtaani, kwari. Mengine yangali yanachimbwa. Mengine yaliisha mawe yakaachwa wazi. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mara kwa mara tumesikia habari za watoto walioenda kuogelea humo wasirudi. Mengine hugeuzwa kuwa jaa la takataka.

Je, mahali palipochimbwa hadi mwamba panaweza kuota kitu tena? Wengi hujibu haraka: pandeni miti! Jibu hilo si baya, lakini limeruka hatua moja. Huo mti utakula nini? Udongo si vumbi la mawe tu. Ndani yake mna hewa, maji, mabaki ya mimea na wadudu, na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mchimbaji anapotaka jiwe, kitu cha kwanza anachoondoa ni huo udongo wa juu. Basi kazi yenyewe si kupanda miti tu, ni kutengeneza udongo upya.

Ushahidi uko hapa hapa Kenya, huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka wa 1954, kikitumia mawe ya matumbawe ya kale. Kufikia mwaka wa 1971 palikuwa na jangwa jeupe: jua kali, hakuna udongo, na maji ya chini yana chumvi. Mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller, ndiye aliyepewa kazi ya kulifunika. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Tulisoma katika Biolojia kwamba maharagwe na kunde hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Mvinje nao una mshirika wake mizizini, bakteria aitwaye Frankia. Kwa hiyo uliweza kukua pale ambapo miti mingine ilikufa njaa.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Miti ilikua, ikapukutisha vijitawi vyake vyembamba kama sindano, na sindano zile zikakaa tu. Hazikuoza, ng'o! Zina tanini nyingi, na bakteria wa kuozesha hawakuziweza. Msitu ulikuwepo, udongo haukuwepo. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu, yule yule anayetambaa kote Pwani wakati wa mvua, akizitafuna sindano hizo. Majongoo wakakusanywa na kuletwa machimboni. Walikula, wakatoa kinyesi, na kinyesi hicho bakteria wakakimaliza. Hivyo mboji ikaanza kujilimbikiza juu ya jiwe. (Wale wanaomkanyaga jongoo wakimwona, mpo?)

Baada ya mboji zikaja nyasi, miti ya aina nyingine, mabwawa ya samaki, ndege na wanyama. Mwaka wa 1984 watu walianza kuruhusiwa kutembelea mahali hapo, na leo panaitwa Haller Park. Mwaka wa 1987 Haller alipewa tuzo ya Global 500 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, mjini mwetu.

Sasa turudi Eastlands. Tusidhani kuwa tutabeba mvinje na majongoo kwa basi la Mombasa halafu kazi iishe. Mawe yetu ni ya volkano, si ya matumbawe, na tuko juu sana kutoka usawa wa bahari. Migunga na nyasi za huku ndizo zinazoizoea hali hii. Migunga nayo huwa na bakteria wa nitrojeni mizizini. Tena sisi tuna kitu ambacho Bamburi hawakuwa nacho: ule udongo mweusi unaonata viatuni hadi mwalimu wa zamu anatuzuia mlangoni. Wajenzi wanauchukia, lakini unashika maji na chakula cha mimea. Ukirundikwa kando kabla ya kuchimba, unaweza kurudishwa juu ya mwamba baadaye, na miaka mingi ya kungoja mboji ikapungua.

Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inadai ardhi iliyochimbwa irekebishwe, na Sheria ya Mazingira ya 1999 inaruhusu aliyeharibu mahali aamriwe kuparudisha katika hali njema. Kwa hiyo kwari mpya ikifunguliwa karibu na kwenu, swali la kwanza la kumuuliza mwenyewe ni jepesi: ule udongo wa juu umeuweka wapi?