Shamba Ndogo ya Mtoto: Sanduku ya Beto Juu ya Mawe

Siku ya kipimo tunawaambia kila mara: "Mpe mtoto majani." Mama mmoja wa Goma akatujibu: "Majani nitayapanda wapi? Kwetu iko mawe tupu." Ana haki. Tangu volkano Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 17 Januari 2002, mitaa mingi ya Goma inakaa juu ya mawe meusi. Jembe haliingii. Lakini lengalenga haiombi shamba kubwa. Inaomba udongo wa sentimita 20 tu, na udongo huo waweza kukaa ndani ya sanduku ya beto. Mbuzi haiangushi, mvua haiiozeshi.

Mfuko mmoja wa sima wa kilo 50 unatosha masanduku matatu, hata manne kama hampotezi. Basi, akina mama, jiungeni mununue pamoja.

Tengeneza kwanza sanduku mbili za mbao. Kubwa iwe, kwa ndani, sentimita 70 kwa 40, urefu wa kwenda juu 30. Ndogo iwe, kwa nje, 62 kwa 32, na urefu 26. Beto itakaa katikati yao. Funika mbao na nailoni ili beto isishike. Usipake mafuta machafu ya motokari: ni sumu, nawe unataka kupanda chakula.

Kipimo ni hiki: sima ndoo 1, mchanga ndoo 2, mawe madogo ya volkano ndoo 3. Changanya kavu mpaka rangi iwe moja, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Beto iwe nzito kama bugali, si kama uji. Wengi wanaharibu hapa. Maji mengi yanafanya sanduku ipasuke.

Sasa sikiliza vizuri. Usichanganye sima na mtoto mgongoni. Vumbi yake ni mbaya kwa kifua na macho. Sima yenye maji inachoma ngozi polepole, haiumi mara moja, kwa hiyo mtu anachelewa kunawa. Vaa mifuko ya nailoni mikononi. Ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi kwa dakika 20, kisha kimbia kwa muganga.

Tengeneza sanduku pale itakapobaki, sababu ni nzito sana. Weka beto ya sentimita 4 chini, simamisha vijiti vitatu vinene kama kidole ili viache matundu ya maji, weka sanduku ndogo katikati, jaza pembeni ukishindilia na fimbo. Waya mwembamba ndani ya beto unaongeza nguvu. Kesho yake ondoa mbao za ndani na vijiti. Kesho kutwa ondoa za nje. Usiiache ikauke upesi kwa jua! Funika na magunia yenye maji siku 7, ukinyunyizia asubuhi na jioni.

Beto mpya ina ukali wa chokaa unaochoma mizizi. Ziba matundu, jaza maji, acha siku mbili, mwaga. Fanya hivyo mara tatu. Maji yakiwa ndani, funika na mbao nzito, sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata katika maji mafupi hivyo. Na yasipite siku mbili, mbu wasizae humo.

Kisha inua sanduku kwa mti na watu wanne, uiweke juu ya mawe manne, ili maji yatoke chini. Fungua matundu. Weka vipande vya mawe chini, halafu udongo mweusi vipimo 2 na mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa kipimo 1. Mbolea mbichi inachoma mimea na inaleta uchafu. Changanya mbegu za lengalenga na mchanga, nyunyiza, funika kidogo sana. Baada ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma.

Sanduku moja haitalisha nyumba nzima, tusidanganyane. Baba atatafuta sombe sokoni. Hii ni ya mtoto: konzi moja, mara chache kwa wiki. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, osha majani kwa maji safi, katakata laini, pika kidogo, ongeza kijiko cha mawese na unga wa sambaza kavu au maharagwe yaliyopondwa. Mawese yanasaidia mwili kupokea nguvu ya majani inayolinda macho. Endelea kumnyonyesha.

Lakini kama miguu ya mtoto imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na hataki kucheza, hiyo ni bwaki. Usingoje lengalenga iote. Mlete hospitali leo.