Misuli Inapokakamaa

Maneno mapya: kukakamaa, kiharusi, mishipa ya fahamu, fiziotherapia

Umewahi kumwona mtu aliyenusurika kiharusi, lakini mkono wake umebaki umejikunja? Ukijaribu kuunyoosha haraka, unakaza zaidi. Mtu huyo hakurogwa, wala si mkaidi. Misuli yake imekakamaa kwa sababu ubongo wake uliumia.

Mfikirie mtu anayeongoza ng'ombe wa kulima. Huwaamuru waende, na huwaamuru wasimame. Ubongo nao huiamuru misuli kwa kupitia mishipa ya fahamu. Ubongo ukiumia, amri ya kusimama haifiki vizuri. Msuli huendelea kuvuta, kama ng'ombe asiye na mwongozaji.

Hali hii huwapata pia watoto walioumia ubongo wakati wa kuzaliwa. Mihogo michungu isiyoondolewa sumu nayo huleta konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu. Mwaka 1985 konzo iliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara.

Umeme husaidiaje?

Amri za mishipa ya fahamu husafiri kwa umeme mdogo sana wa mwili. Kwa hiyo umeme mdogo wa kutoka nje unaweza kuiamsha mishipa hiyo. Mtaalamu wa fiziotherapia hubandika vibandiko juu ya ngozi na kuviunganisha na mashine ndogo ya betri. Mgonjwa husikia kusisimka tu. Msuli unaweza kulegea kwa muda, pengine saa chache. Huo ndio wakati mzuri wa mazoezi.

Lakini umeme hauponyi ubongo. Kazi kubwa ni mazoezi, nayo unaweza kuyafanya nyumbani, hata pasipo mashine:

1. Nyoosha kiungo polepole. Usikivute kwa nguvu.
2. Kishike hapo huku ukihesabu hadi 30, kisha kiachie.
3. Rudia mara kadhaa kila siku.

Kiungo kisiponyooshwa, msuli hufupika, na mwishowe kiungo hakinyooki tena.

HATARI! Usijaribu kumtibu mtu kwa umeme wa nyumbani, wa sola, au wa betri ya pikipiki. Umeme huo unaweza kumuunguza au kumuua.

Ukiwa na mgonjwa, anzia zahanati ya kijiji. Omba aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Kutoka vijiji vya Simiyu anaweza kupelekwa hospitali ya mkoa, Bariadi, au Bugando, Mwanza. Usingoje mpaka pamba iuzwe. Mazoezi yanaanza leo.

Maswali

1. Kwa nini msuli hukakamaa?
2. Je, umeme huponya ubongo?
3. Kuna mgonjwa wa namna hii kijijini kwenu? Mtamsaidiaje?