Mstari Mmoja wa Hali ya Hewa

Muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia aliandika ubaoni mstari mmoja, kisha akauliza ni nani kati yetu angekubali kurusha ndege yenye abiria baada ya kuusoma. Ulikuwa huu:

HTMW 060600Z 16008KT 9999 FEW020CB BKN090 22/18 Q1018

Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Aliitunga kwa ajili ya somo, lakini inafuata kanuni zitumiwazo na marubani ulimwenguni. Nilinyoosha mkono wa kwanza, nikasema ningeruka bila wasiwasi. Nilikosea, na yafaa nieleze nilivyokosea.

HT ni Tanzania, MW ni Mwanza. Tarakimu 06 ni tarehe. Zinazofuata ni saa, lakini saa ya Greenwich, na hapa wengi walijikwaa wakidhani ni saa sita. Saa zetu zimetangulia za Greenwich kwa saa tatu, tena Kiswahili huanza hesabu yake asubuhi. Njia nyepesi ni kutoa tatu: 0600 ni saa tatu asubuhi, 0900 ni saa sita mchana.

Katika upepo, 160 ni nyuzi za dira za upande utokako, siyo uendako. Wenzetu wa pwani hawakupata taabu, kwani upepo wa Kusi nao umepewa jina la upande utokako. 08 ni mwendo wake, maili nane za bahari kwa saa. 9999 maana yake macho yaona kilometa 10 au zaidi. Hapo ndipo niliporidhika.

Mwalimu akaweka kidole juu ya herufi mbili, CB. FEW ni mawingu machache, yaliyofunika sehemu moja au mbili katika nane za anga, na 020 ni kimo cha chini yake, futi 2,000 juu ya uwanja. Machache, nilifikiri, hayana neno. Kumbe CB ni kumulonimbasi, wingu la radi, na moja tu latosha. Ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa nguvu. Chini yake hewa huanguka pamoja na mvua, ikafika ardhini na kutawanyika, hata upepo ukageuka ghafula wakati ndege inapotaka kutua.

BKN090 ni mawingu mengi, lakini yako juu, futi 9,000. 22 ni joto, 18 ni kiwango cha umande. Namba hizo zikikaribiana sana, rubani hutazamia ukungu. Q1018 ni kanieneo ya hewa, ambayo hutiwa katika kipima-kimo. Ukikosea kwa hektopaskali 10, chombo chakudanganya karibu futi 300, yaani minazi mirefu mitatu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine.

Utabiri ni maandishi mengine. Ukiona TEMPO 0612/0616 3000 TSRA, ujue kwamba tarehe 6, kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni, kwa vipindi, patakuwa na radi na mvua, na macho yataona meta 3,000 tu. Katika ramani, eneo la mawingu ya radi huzungushiwa mstari wa mapindo kama ukingo wa kitambaa kilichodariziwa.

Katika Ziwa Victoria radi hupenda usiku na asubuhi, kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kupanda. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba ilianguka ziwani, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walikufa. Mwalimu hakuitaja habari hiyo, lakini darasa zima lilikuwa kimya.

Kisha akaniuliza tena. Nikajibu kwamba ningengoja kwanza taarifa ya 0630.

"Saa ngapi hiyo?" akauliza.

"Saa tatu na nusu, mwalimu."

Mwanafunzi, Kidato cha Nne