Mvinyo wa barafu: unywe baridi, na ukiuchanganya usitie sukari

Desemba iliyopita mjomba alikuja kututembelea hapa St. Catharines, Ontario. Yeye ni mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma, na hakuwahi kuona shamba la mizabibu lililolala chini ya theluji. Nikampeleka Niagara-on-the-Lake, mwendo wa kama dakika 20 kwa gari. Tulipofika shamba la kwanza akaniomba nisimame. Mizabibu ilikuwa imepukutisha majani yote, lakini vichala vilikuwa bado vinaning'inia ndani ya nyavu, rangi imeshakuwa ya kahawia.

“Mpwa wangu, mwenye shamba hili amefariki?”

“Hapana, mjomba. Yuko ndani anaota moto. Anasubiri baridi izidi.”

Aliniangalia kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na anayechelewa kuvuna anahesabu hasara. Huku kuna wakulima wanaochelewa makusudi, miezi miwili au mitatu baada ya wenzao, ili wapate mvinyo mmoja tu. Mimi nimeunywa kwa miaka kadhaa sasa, nimeuharibu mara moja, na nimejifunza kuuchanganya hadi ukanipendeza. Nitaeleza ninavyofanya.

Kwanza ujue unakunywa nini. Zabibu inapoganda, kinachogeuka barafu ni maji yake. Sukari, uchachu na harufu hubaki katika majimaji machache yasiyoganda. Ukiikamua ikiwa bado imeganda, barafu hubaki kwenye kamulio pamoja na maganda, na kinachotoka ni juisi nzito, moja ya tano au pungufu ya ile ambayo zabibu hizohizo zingetoa msimu wa kawaida. Ndiyo maana chupa ni ndogo, ml 375 au 200, na bei yake ni kubwa. Ontario sheria ni kali: zabibu lazima zigande zenyewe mtini, zivunwe kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri au baridi zaidi, na hakuna ruhusa ya kuongeza sukari. Ukiona neno Icewine na herufi VQA kwenye chupa ya huku, ujue masharti hayo yametimizwa.

Januari moja nilijiandikisha kuvuna. Tulipigiwa simu saa nne usiku, na saa saba tulikuwa shambani, taa kichwani, glavu mbili mbili. Zabibu zilikuwa ngumu kama gololi. Kila kichala kilipoanguka ndani ya kreti kililia kama mtoto anamwaga gololi sakafuni. Vingine vilikatika ukivigusa tu, na kilichoanguka kwenye theluji tulipiga magoti kukitafuta, maana kila punje ilihesabiwa. Nilitia moja mdomoni. Kwanza meno yaliuma kwa baridi, kisha ikaanza kuyeyuka upande wa shavu, na utamu ukaja polepole ukiwa na ukali wa ndimu nyuma yake. Kwenye kamulio tulikaa muda mrefu bila kuona kitu. Halafu ukatokea uzi mwembamba, rangi ya asali, usiokatika. Ilibidi tumalize kabla jua halijapanda, kwa sababu zabibu zikiyeyuka maji yanarudi ndani ya juisi na kazi ya usiku mzima imepotea.

Wajerumani ndio walioanza. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Dromersheim, karibu na mto Rhine: mavuno ya 1829 yalikuwa mabaya, zabibu zikaachwa mtini ziwe chakula cha mifugo, na Februari 1830 wakagundua kwamba zimekuwa tamu kupita kiasi. Hapa Niagara kazi iliyojulikana ni ya Karl Kaiser na Donald Ziraldo wa kiwanda cha mvinyo cha Inniskillin. Mwaka 1983 ndege walikula zabibu ambazo wawili hao waliziacha mtini. Mwaka uliofuata wakaweka nyavu. Mvinyo wao wa 1989, wa zabibu aina ya Vidal, ulipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya mvinyo ya Vinexpo, Bordeaux, mwaka 1991, na tangu hapo dunia ikaanza kuitazama Kanada. Kila nikiona zile nyavu nawakumbuka.

Sasa kunywa. Weka chupa kwenye friji saa mbili nzima, kisha itoe uiache mezani robo saa. Ukiunywa ukiwa baridi mno harufu inajifungia. Ukiwa wa joto la chumba, utamu unakukinaisha. Mimina ml 50 au 60 tu, kwenye glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe. Zile glasi ndogo za kunywea pombe kali ziache kabatini, kwa sababu pua haipati nafasi, na nusu ya raha ya mvinyo huu iko puani.

Vidal ina harufu ya embe, papai na asali. Mjomba alipoonja alisema, “Wametia embe humu.” Nikamwambia ni zabibu tupu. Akanusa tena, akatikisa kichwa, akasema kama ni hivyo basi embe limejificha ndani ya zabibu. Riesling, aina nyingine ya zabibu, ni nyembamba zaidi na ina uchachu mkali unaofanana na limau. Hilo ndilo chaguo langu kama fedha zinaruhusu. Halafu kuna mwekundu wa Cabernet Franc, wenye harufu ya stroberi.

Kuna jambo moja ambalo likikuingia, mengine yote yatakuwa rahisi. Lita moja ya mvinyo wa barafu kwa kawaida ina kama gramu 200 za sukari, karibu maradufu ya soda ya kola. Hata hivyo ukiupiga funda haukukwami kooni kama soda iliyokata gesi. Sababu ni uchachu: baridi iliyoikusanya sukari ndiyo iliyoukusanya na uchachu, na huo ndio unaoubeba utamu. Kwa hiyo kila unachokileta karibu na mvinyo huu, kiwe chakula au kinywaji, kiangalie kwa jicho hilo. Je, kinausaidia uchachu, au kinaongeza mzigo wa utamu?

Ndiyo maana keki yenye sukari nyingi haiendani nao. Keki ikiwa tamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka mchungu na mwembamba mdomoni. Unataka chumvi, mafuta au pilipili. Jibini ya bluu ndiyo wanayokupa huku, na wana haki. Lakini mimi nyumbani naweka korosho zilizokaangwa kwa chumvi, au maini ya kuku yaliyopikwa kwa kitunguu na pilipili manga, na wageni wangu wote, Wakanada kwa Watanzania, wanayamaliza maini kwanza.

Chupa ikishafunguliwa inakaa kwenye friji siku tano hadi wiki bila kuharibika, kizibo kikiwa kimebana. Utaratibu wangu ni huu: siku ya kwanza na ya pili tunaunywa mtupu. Theluthi inayobaki, ambayo harufu yake imeanza kupungua, ndiyo ya kuchanganya. Kuimimina chupa mpya ya dola 50 na zaidi kwenye mchanganyiko bila hata kuionja, mimi siafiki.

Niliuharibuje? Siku ya kuzaliwa ya mke wangu nilitaka kinywaji cha kumkumbusha nyumbani. Nikachukua juisi ya embe ya pakiti, soda ya machungwa na nusu chupa ya Vidal, nikavijaza kwenye jagi na barafu tele. Nilifikiri embe na embe vitapendana. Ikawa sharubati nzito isiyo na harufu, na glasi zikabaki mezani zimenywewa nusu. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeuona ule uzi wa juisi ukitoka kwenye kamulio.

Tangu siku hiyo kwenye kokteli nauhesabu mvinyo wa barafu kuwa ndiyo sukari. Popote maelezo yanapotaka shira au asali, hapo ndipo unapoingia, na hakuna kingine kitamu kinachoongezwa. Vinavyoufuata ni vikali, vichachu, vichungu au vyenye gesi.

Rahisi kuliko yote ni shampeni, au mvinyo wowote wa gesi usio mtamu. Tia ml 15 za mvinyo wa barafu chini ya glasi ndefu, kisha mimina ule wa gesi polepole, ml 100 hivi, glasi ukiwa umeilaza kidogo. Mvinyo wa barafu ni mzito, hukaa chini. Ukimimina kwa haraka povu linamwagika na utamu unabaki chini peke yake. Usikoroge kwa kijiko. Gesi yenyewe itaupandisha kidogo kidogo. Mtu anaanza na ukavu na kumaliza na asali, na hilo ndilo ninalolipenda.

Kwa pombe kali, vodka ml 45 na mvinyo wa barafu ml 30, ukoroge pamoja na barafu kama nusu dakika, kisha uchuje kwenye glasi iliyotoka kwenye friza. Badala ya kipande cha barafu, tumbukiza zabibu mbili tatu ulizozigandisha. Zinapoza bila kuongeza maji. Ule mwekundu wa Cabernet Franc naupeleka kwa wiski: wiski ml 60, mvinyo ml 15, matone mawili ya kiungo kichungu cha Angostura, na ganda la chungwa lililokamuliwa juu ili mafuta yake yaelee. Hii inywe polepole, baada ya chakula.

Lakini inayoombwa zaidi nyumbani kwangu ilizaliwa Desemba hiyohiyo. Mjomba alikuja na chupa ya Konyagi, pombe kali ya nyumbani, sandukuni. Nikachukua kopo lenye mfuniko unaobana, nikatia Konyagi ml 45, Vidal ml 30, ndimu iliyokamuliwa ml 20, vipande viwili vyembamba vya tangawizi mbichi nilivyovipondaponda, na barafu. Tukatikisa hadi kopo likaanza kushika ukungu nje, tukachuja. Ndimu isipungue hapo. Nikionja na kuona inanikunja uso kidogo, najua imekaa sawa, maana barafu ikiyeyuka ukali utashuka. Anayetaka chepesi aongeze maji ya soda yasiyo na sukari. Mjomba alikunywa moja akasema, “Mpwa, hii sasa imefika nyumbani.” Akataka kujua vipimo, nikamwandikia kwenye bahasha.

Usidhani mvinyo huu utapatikana daima: majira ya baridi yanazidi kuwa mapole, na nasema hili kwa wasiwasi. Kwa mavuno ya 2019 mashamba ya mizabibu ya Ujerumani nzima hayakupata baridi ya kutosha, na hakuna mvinyo wa barafu uliotengenezwa. Hilo halikuwahi kutokea kwao. Ukikutana na chupa nzuri, usiiweke ikingoja siku kuu isiyojulikana.

Kabla ya kuondoka mjomba aliniuliza swali ambalo huenda na wewe unalo: asiye na dola 50 wala theluji afanyeje? Zabibu za friza kisheria si mvinyo wa barafu, lakini kazi ya baridi ni ileile. Kamua zabibu mbivu, chuja juisi, ijaze kwenye chupa ya plastiki hadi robo tatu ili ipate nafasi ya kutanuka, na uigandishe kabisa. Siku ya pili ondoa mfuniko, ipindue chupa juu ya bakuli ndani ya friji, uiache idondoke. Theluthi ya kwanza itakayotoka ni nzito na ina rangi. Chupa itabaki na barafu iliyopauka. Hapo simamisha. Haina kilevi, kwa hiyo hata asiyekunywa anaweza kuichanganya na ndimu, tangawizi na maji ya soda kwa vipimo vilevile.

Mwezi Machi, zabibu zilipoiva Hombolo, mjomba alinitumia picha: chupa ya maji ya lita moja na nusu imepinduliwa juu ya sufuria ndani ya friji yake, na chini yake juisi ya rangi ya damu ya mzee, kiasi cha vikombe viwili. Ameandika chini yake kwamba ndimu imebidi aiongeze, maana zabibu za jua la Dodoma hazina uchachu wa kutosha.