Mkate Chini ya Mretemu

JUMATATU

Soma 1 Wafalme 19:1–21. Mungu alimtendea Eliya mambo gani kabla ya kumpa kazi nyingine? Angalia yalivyofuatana.

Ijumaa usiku, Septemba 9, 2011, Sabato ikiwa imekwisha kuingia, meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi. Kabla ya mapambazuko ilizama karibu na Nungwi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Miili ililazwa katika viwanja vya Maisara ili ndugu waitambue, na majeruhi wakapelekwa hospitalini. Kwa wauguzi, Sabato ile haikuwa siku ya kupumzika.

Yesu alifundisha kwamba ni halali kutenda mema siku ya Sabato (Mathayo 12:9–13). Aliyefunga vidonda siku ile hakuivunja Sabato. Swali gumu ni jingine: pumziko alilolitoa, nani atamrudishia?

Kisiwani watu wanajuana. Muuguzi anaweza kufunua shuka akakuta uso anaoufahamu. Baada ya siku kama hizo wengi hukosa usingizi, hukasirika upesi nyumbani, au hujilaumu kwa ajili ya wale ambao hawakuokolewa. Wengine hufa ganzi moyoni. Muuguzi wa namna hiyo akija kanisani, huenda akaambiwa tu aombe zaidi na kuongeza imani. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini humwongezea mzigo: alikuja akiwa mchovu, anaondoka akijiona pia mkosaji.

Eliya alikuwa mtu wa maombi. Moto ulikuwa umeshuka Karmeli kwa ombi lake. Hata hivyo, chini ya mretemu aliomba afe. Mungu hakumkemea, alimwacha alale. Malaika akamgusa na kumpa mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili ale, maana safari iliyokuwa mbele ilizidi nguvu zake. Baadaye, huko Horebu, Bwana alimwuliza habari zake na kumsikiliza, kisha akampa Elisha awe mwenzake. Usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, na mwenzi: Mungu hakuona hata kimoja kuwa ni kidogo mno kwa nabii wake.

Wauguzi wa Unguja nao walikuwa na safari mbele yao. Kabla mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitokea Dar es Salaam. Majeruhi wakahitaji tena mikono ya kuwahudumia.

Wakulima wa karafuu, kama wale wa Kizimbani, wanajua kwamba mkarafuu uliozaa sana msimu mmoja huweza kuzaa haba msimu unaofuata. Hawaulaumu mti. Yesu naye, wanafunzi wake waliporudi kutoka kazini, aliwaita kando wapumzike, hata ingawa makutano walikuwa bado wanakuja (Marko 6:30–34).

Kanisa laweza kuwa mkono wa malaika yule: kupika chakula, kukaa na watoto ili mama yao alale, kusikiliza bila kuhubiri. Na kama usingizi haurudi kwa majuma kadhaa, au mtu akitamani kufa kama Eliya, asiachwe peke yake. Asindikizwe upesi kwa daktari au mshauri. Kutafuta msaada huo si kupungukiwa imani. Eliya naye aliupokea mkate.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kuzungumza naye?

2. Muuguzi anayefanya kazi siku ya Sabato anaweza kulipata pumziko lake wakati gani? Kanisa lenu limsaidieje?

3. Ni nani katika darasa lenu anayewahudumia wengine na hakuna anayemwuliza hali yake? Mtamfanyia nini juma hili?