Uwanja kama Mshiriki wa Utendaji: Matamasha ya Muziki wa Klasiki ya Majira ya Joto katika Makanisa na Kumbi za Uingereza

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba utendaji husimama juu ya nguzo tatu: fanani, hadhira na uwanja. Hata hivyo, katika insha na tasnifu nyingi, nguzo mbili za kwanza ndizo hupewa uzito. Uwanja hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni chombo kitupu ambamo utendaji humiminwa. Aidha, kuna dhana iliyoenea kwamba utendaji ni sifa ya jamii ambazo hazikuandika, na kwamba pindi sanaa inapoandikwa, utendaji hukosa maana na matini hutawala.

Makala haya yanahoji mitazamo yote miwili. Yanafanya hivyo kwa kuchunguza sanaa iliyo mbali kabisa na ngano au majigambo, yaani muziki wa klasiki wa Ulaya, ambao kila sauti yake huandikwa kwa nota kabla ya kupigwa. Hoja kuu ni kwamba hata katika sanaa iliyoandikwa kiasi hiki, uwanja hushiriki katika kuiunda kazi: huamua nani ataisikia, atajiendesha vipi anapoisikia, na hata ni maneno gani yanayoruhusiwa kutamkwa. Mifano inatolewa kutoka kwa matamasha mawili ya Uingereza: Tamasha la Kwaya Tatu, ambalo makao yake ni makanisa, na Proms, ambalo makao yake ni ukumbi.

Ni muhimu kufafanua istilahi moja kabla ya kuendelea. Baadhi ya wafasiri huita majira ya Ulaya ya Juni hadi Agosti "kiangazi". Katika Kiswahili, kiangazi ni wakati wa ukavu usio na mvua, ilhali majira hayo ya Ulaya hupambanuliwa kwa joto na urefu wa mchana. Ikumbukwe pia kwamba Julai na Agosti ni miezi ya baridi jijini Nairobi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia "majira ya joto".

Msingi wa Kinadharia

Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichochapishwa mwaka wa 1970, alisisitiza kwamba kazi ya fasihi simulizi haikamiliki hadi itendwe mbele ya watu, na kwamba anayeisoma kwenye karatasi tu ameipokea nusu. Msimamo huo unafahamika vyema katika idara za Kiswahili. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mwaka wa 1989 mtaalamu huyo huyo, aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Walimba wa Sierra Leone, alichapisha utafiti kuhusu wanamuziki wa kawaida wa mji wa Milton Keynes nchini Uingereza, wakiwemo wapigaji wa muziki wa klasiki. Zana za kuchunguza utendaji zilizonolewa Afrika zilitumiwa kuchunguza kwaya na okestra za Waingereza. Makala haya yanafuata njia hiyo hiyo.

Kanisa Kuu kama Uwanja

Mjadala kuhusu mahali panapofaa muziki si mpya. Mwaka wa 1742, George Frideric Handel alitoa kwa mara ya kwanza Messiah, utungo mrefu wa kidini wa waimbaji na okestra usioigizwa, katika ukumbi wa muziki jijini Dublin. Ulipopelekwa London mwaka wa 1743, ulitolewa katika jumba la maigizo la Covent Garden, na lawama zikazuka magazetini: yawaje maneno ya Biblia yaimbwe mahali pa burudani, tena na watu wa jukwaani? Kuanzia mwaka wa 1750, Handel aliutoa katika kanisa dogo la makao ya watoto waliotelekezwa ili kuyachangia fedha, na sifa yake ikapanda. Nota hazikuwa zimegeuzwa ziwe takatifu zaidi. Uwanja na lengo ndivyo vilivyobadilika. Leo kwaya nyingi za Kenya huimba sehemu ya "Haleluya" kutoka kwa utungo huo bila yeyote kushuku utakatifu wake.

Tamasha la Kwaya Tatu huwaunganisha waimbaji wa makanisa makuu ya Gloucester, Hereford na Worcester, na kila mwaka mji mmoja huwa mwenyeji kwa zamu. Tamasha hili liliadhimisha miaka 300 mwaka wa 2015. Katika karne ya 18, fedha zilizochangwa zilisaidia wajane na yatima wa makasisi. Mwanzoni, ibada zilifanyika kanisani na nyimbo nyingine katika kumbi za mji. Mwaka wa 1759, Messiah iliimbwa ndani ya Kanisa Kuu la Hereford, na tangu hapo mpaka kati ya ibada na tamasha ukaanza kufifia.

Mpaka huo haukufifia bila mvutano. Mwaka wa 1875, wakuu wa Kanisa Kuu la Worcester walikataa jengo la ibada ligeuzwe ukumbi wa kuuzia tikiti. Okestra na waimbaji mashuhuri hawakuruhusiwa; kwaya ziliimba katika ibada pekee, na wapenzi wa muziki wakaliita tamasha hilo la mzaha. Mwaka wa 1902, Worcester hiyo hiyo ilikubali kuimba The Dream of Gerontius, utungo wa Edward Elgar unaotokana na shairi la kardinali wa Kikatoliki, kwa sharti kwamba maneno yaliyokiuka mafundisho ya Kanisa la Anglikana yabadilishwe au yaachwe. Elgar alikuwa mzaliwa wa viunga vya mji huo, na utungo wake ulikuwa umekwisha kutolewa ukumbini Birmingham mwaka wa 1900 ukiwa kamili. Hapa uwanja ulifanya kazi ya mhariri: matini iliyokwisha kuchapishwa ilikatwa kwa sababu ya mahali ilipokuwa ikitendewa.

Hadhira nayo ilifinyangwa na uwanja. Kwa miaka mingi wasikilizaji katika makanisa hayo hawakupiga makofi. Kipande kilipokwisha, kimya kilitanda. Mtu aliyeshangilia mchana kutwa mjini alijizuia alipoingia mlango wa kanisa, ingawa wapigaji walikuwa wale wale.

Matini Iliyoandikiwa Jengo

Uwanja huathiri pia sauti yenyewe. Sauti inapotolewa ndani ya jengo, hugonga kuta, dari na sakafu, ikarudi mara nyingi kabla ya kufa. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kupima jambo hili kwa utaratibu mwaka wa 1895. Alithibitisha kwamba muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa jengo na uwezo wa vitu vilivyomo, ikiwemo miili ya watu, kuimeza sauti. Ujuzi wake ulitumika kujenga ukumbi wa okestra ya Boston uliofunguliwa mwaka wa 1900. Ukumbi mzuri wa okestra huwa na mvumo wa takriban sekunde 2, ilhali kanisa kuu la mawe linaweza kupita sekunde 5. Kutokana na hali hii, nota za kasi zinazosikika bayana ukumbini huvurugana kanisani, nazo nota ndefu zinazosikika kavu ukumbini huchanua kanisani.

Mtunzi mahiri huandika akilijua jengo. Mnamo tarehe 6 Septemba 1910, Ralph Vaughan Williams aliongoza katika Kanisa Kuu la Gloucester utungo wake mpya uliojengwa juu ya wimbo wa Thomas Tallis, mtunzi wa karne ya 16. Ala ni za nyuzi pekee, nazo zimegawanywa: okestra kubwa, okestra ndogo ya wapigaji 9, na kundi la wapigaji 4. Maagizo ya mtunzi yanataka okestra ndogo iketi mbali na ile kubwa, ikiwezekana. Hivyo kundi moja husema na lingine hujibu kwa mbali, na mawe ya kanisa huyaunganisha majibizano hayo. Utungo huo hupigwa pia katika kumbi kote duniani, lakini huko umbali hauna budi kutengenezwa. Umuhimu wa mfano huu ni kwamba maandishi hayakuufuta uwanja, bali yaliuhifadhi: anayesoma nota hizo kwa makini anasoma pia ramani ya jengo.

Ukumbi na Hadhira Tendi

Proms lilianza tarehe 10 Agosti 1895 katika Queen's Hall, London. Meneja wa ukumbi, Robert Newman, alimteua Henry Wood kuwa mwongozaji wa okestra. Mwezi wa Agosti matajiri walikuwa wameliacha jiji kwenda mapumzikoni. Newman alikusudia kuwaleta watu wa kawaida na kuwazoeza muziki mzito hatua kwa hatua. Tikiti ya kusimama iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza. Wasikilizaji waliruhusiwa kutembea, kula, kunywa na kuvuta sigara, ila waliombwa wasiwashe viberiti mwimbaji alipokuwa akiimba. Jina lenyewe la tamasha linatokana na neno la kutembea. Majira, bei na ukumbi vilishirikiana kuumba hadhira ambayo haikuwepo awali.

Shirika la BBC lilichukua usimamizi mwaka wa 1927. Mwezi wa Mei 1941, bomu la Wajerumani liliteketeza Queen's Hall, na tamasha likahamia Royal Albert Hall, jengo la mviringo lililofunguliwa mwaka wa 1871. Jengo hilo linaingiza watu zaidi ya 5,000, lakini lilikuwa na kasoro mashuhuri ya mwangwi uliorudi ukiwa umechelewa. Mzaha wa kale ulidai kwamba hapo tu ndipo mtunzi wa Kiingereza angehakikishiwa kusikia kazi yake mara mbili. Mwaka wa 1969, visahani vikubwa vyenye umbo la uyoga vilitundikwa chini ya kuba ili kuudhibiti mwangwi huo.

Desturi ya kusimama ilihama pamoja na tamasha. Wanaosimama katikati ya ukumbi, karibu kabisa na wapigaji, hulipa kidogo kuliko wanaoketi mbali. Wao pia ndio hadhira tendi. Kifuniko cha piano kinapoinuliwa kabla ya kupigwa, wa chini huita kwa sauti moja na wa roshani ya juu huitikia, mithili ya wabeba mzigo wanaopeana nguvu. Mwanafunzi anayefahamu mwito na mwitikio katika nyimbo za kazi atautambua mtindo huo mara moja. Hakuna mtunzi aliyeuandika. Umezaliwa na uwanja.

Ukumbi Mtupu wa 2020

Mwaka wa 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulileta jaribio ambalo mtafiti asingeweza kulipanga. Tamasha la Kwaya Tatu, lililokuwa zamu ya Worcester, liliahirishwa hadi 2021. Proms lilifanya matamasha mubashara kuanzia tarehe 28 Agosti hadi 12 Septemba ndani ya Royal Albert Hall bila hadhira, na wapigaji wakiwa wameketi mbalimbali. Nota zilikuwa zile zile na mafanani walikuwa mahiri vilevile. Tatizo lilijitokeza katika usiku wa mwisho, ambapo kwa desturi hadhira ndiyo huimba nyimbo za kizalendo. BBC ilitangaza kwanza kwamba nyimbo hizo zingepigwa bila maneno, umma ukalumbana, na mwishowe kikundi kidogo cha waimbaji kikaziimba kwa niaba ya umati usiokuwepo. Kwa muktadha huu, ilibainika kwamba sehemu ya utendaji ilikuwa mali ya hadhira wala si ya okestra.

Funzo kwa Mtafiti wa Kiswahili

Mambo haya hayako mbali na fasihi ya Waswahili. Habib Swaleh wa Lamu, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, alipoeneza maulidi yenye kuandamana na matari, baadhi ya waungwana wa mji walipinga ngoma kukaribia mahali pa ibada. Swali lao linafanana na lile la London mwaka wa 1743 na la Worcester mwaka wa 1875: je, sauti hii inastahili mahali hapa? Maulidi nayo ina matini iliyoandikwa, na bado uwanja ulizua hukumu. Anayelinganisha matini peke yake hataliona jambo hili.

Kutokana na mifano iliyojadiliwa, mtafiti anayekwenda nyanjani anapendekezewa maswali manne. Kwanza, nani ana mamlaka juu ya uwanja, na amekataza nini? Pili, hadhira imepangwaje, na anayelipa kidogo au asiyelipa anaketi au kusimama wapi? Tatu, mahali pale huifanyia nini sauti: huimeza, huirefusha au huitawanya? Nne, utendaji ule ule ukihamishwa, kwa mfano taarabu kutoka uani kwenye arusi hadi ukumbi wa hoteli, ni kipi kinachobaki na kipi kinachopotea?

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuandikwa kwa sanaa hakuondoi utendaji, na kwamba uwanja si chombo kitupu. Kanisa kuu lilihariri maneno ya Elgar, likazuia makofi na likatungiwa muziki wa kulifaa. Ukumbi uliwapa watu wa shilingi moja nafasi iliyo karibu na okestra, nao wakabuni miito yao wenyewe. Iwapo hali ni hii katika muziki ambao kila nota yake imechapwa, basi mtafiti wa ngano, nyimbo au maulidi anayeuacha uwanja nje ya daftari lake atarudi nyumbani na maneno tu. Atakuwa amenakili yaliyosemwa, lakini hatakuwa na njia ya kueleza kwa nini yalisemwa hivyo, pale, mbele ya watu wale.